Vipimo vya Bosi

Pima akirudi kutoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa sumaku. Aliiondoa kwenye msumari nyuma ya mlango, akaushika uzi wake mrefu, akaiburuta polepole juu ya sakafu ya duka la kushonea la mama yake. Pini zilizojificha kati ya vipande vya vitambaa ziliirukia, tiki, tiki, kama kuku waliotupiwa punje. Pima alizibandua moja moja akazitia kwenye kopo. Baada ya hapo alinawa mikono kwa sabuni, na ndipo aliporuhusiwa kumshika Bosi.

Bosi alikuwa mdogo wake. Kwenye cheti cha kuzaliwa alikuwa na jina refu la heshima, lakini hakuna aliyelikumbuka ila siku za kliniki. Baba yao, dereva wa lori, ndiye aliyeanza kumwita hivyo siku alipomwona kwa mara ya kwanza. "Yeye amelala tu, watu wazima wote wanakimbia," alisema. "Huyu ni bosi." Kisha kitoto kikalia, na baba naye akakimbia kutafuta nepi.

Jina la Pima nalo lilizaliwa palepale dukani. Alipokuwa mdogo hakutaka kulala bila kuvaa utepe wa kupimia shingoni, na hakuna kilichosalimika: alipima paka, alipima mlango, na siku moja alipima pua ya mgeni aliyekuja kuchukua suti yake. Mgeni alicheka. Mama yake hakucheka mpaka mgeni alipoondoka.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kizingiti kipana na ngazi moja ya saruji ya kushukia nje. Cherehani ilikaa karibu na dirisha ili ipate mwanga. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, pana kama kitanda, yenye kimo cha kufika kifuani kwa Pima. Kwa kuwa sakafu ilikuwa na pini na pembeni kulikuwa na pasi ya moto, Bosi alishinda juu ya meza ile, amekalia blanketi lililokunjwa, amezungukwa na kaptura na sketi za shule ambazo hazijapata vifungo.

Mama alikuwa na sheria chache, lakini zile alizokuwa nazo hazikuwa na mchezo. Ya kwanza, hakukata kitambaa chochote kabla ya kusema, "Mungu, ongoza mkono wangu." Ya pili ilimhusu Bosi. "Mtoto akiwa mezani," alisema, "kiganja cha mtu kiko mgongoni mwake. Si karibu na mgongo. Mgongoni." Na ya tatu ilikuwa ya kazi, nayo iliwakera wateja.

Siku moja alikuja mama mmoja mwenye haraka, anamvuta mwanawe kwa mkono kama mtu anayevuta mkokoteni.

"Fundi, nataka kaptura kama ile ya mwaka jana. Vipimo si unavyo? Kata tu."

"Nampima tena," mama alijibu, na utepe ukiwa tayari mkononi.

"Jamani, fundi! Ni mtoto yuleyule! Hatujambadilisha!"

"Wewe hujambadilisha. Amebadilika mwenyewe." Alimzungushia mtoto utepe kiunoni, akashuka nao mguuni. "Mtu mzima naweza kumshonea kwa vipimo vya zamani nikabahatisha. Mtoto anayekua, hapana. Ningemkatia ile ya mwaka jana, angekaa darasani mara moja tu, na darasa zima lingejua rangi ya chupi yake."

Mtoto aliona haya, mama yake akaangua kicheko, na haraka yake yote ikaisha. Pima alicheka mpaka akashika mbavu. Alilikumbuka neno lile la chupi, akalisimulia shuleni. Lile neno jingine, la mtoto kubadilika mwenyewe, hakulitilia maanani.

Pima alimpenda mdogo wake kupita kiasi, na tangu mwanzo alimchunguza kama fundi anavyochunguza kitambaa kipya. Bosi alipokuwa mchanga kabisa, Pima aligundua kwamba hakuona mbali. Ukisimama mlangoni ukamchekea, ulipoteza meno yako bure. Ukiinama mpaka uso wako ukawa umbali wa kifuani hadi usoni mwa mama anayenyonyesha, hapo alitulia, akakukazia macho kama anayejaribu kukumbuka mlionana wapi. Na macho yenyewe hayakusikilizana. Mara nyingine moja lilitazama dirisha na jingine lilitazama pua.

"Mama, Bosi ana makengeza!"

"Nesi amesema tumwache kwanza," mama alimjibu. "Macho ya mtoto mchanga bado hayajazoea kufanya kazi pamoja. Jicho likiendelea kukimbia baada ya mwezi wa nne, tumpeleke upesi. Tuangalie, na tuombe."

Wakaangalia, wakaomba. Kabla ya mwezi ule wa nne kwisha, macho yalikuwa yanakwenda pamoja kama maksai wawili katika nira moja.

Pima alikuwa ametunga vifungo vikubwa kwenye uzi mnene, akakaza mafundo yake kwa nguvu zote na kumpa mama ayavute kuyajaribu. Alivining'iniza mbele ya Bosi. Mwanzoni mtoto alipiga hewa tu. Mkono ulifika mbele ya vifungo, au kando yake, ukafumba, ukafunguka mtupu, naye akautazama kwa mshangao kama mtu aliyeibiwa. Baadaye alianza kuvigusa. Kisha siku moja akavikamata, pu, kwa mkono mzima, akavipeleka moja kwa moja mdomoni. Pima alipiga kelele za furaha mpaka mama akajichoma sindano.

Alipojua kukaa, Bosi alizidi kuwa na akili. Pima akishika vifungo karibu, alivifuata. Akivirudisha nyuma kidogo kupita mkono wake, hakujisumbua. Alikunja mikono juu ya tumbo akamtazama dada yake kwa dharau, kama anayesema: lete hapa, mimi nafanya kazi ofisini. Na akikalishwa karibu na ukingo wa meza, alichungulia chini, akaona sakafu ilivyo mbali, akajivuta nyuma kwa makalio yake.

Hilo la mwisho ndilo lililompa Pima kiburi.

"Mtoto wetu anajua kupima umbali," alimwambia rafiki yake. Rafiki huyu alikuwa binti wa kinyozi wa duka la jirani, na watu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Muongo wewe," Redio alisema. "Mtoto hana hata meno, atapimaje umbali?"

"Kwani anapima kwa meno? Njoo uone."

Pima alimsogeza Bosi ukingoni, kiganja chake kikiwa mgongoni. Bosi akachungulia, akashtuka, akarudi nyuma. Redio akatoa macho.

"Rudia!"

Wakarudia. Bosi akarudi nyuma tena. Kwa muda wa siku kadhaa ukawa mchezo wao. Mama aliwaona, akakunja uso. "Mtoto si karata za kuchezea. Na kiganja kiwe mahali pake."

"Kipo, mama."

Kilikuwapo, lakini kilianza kuwa chepesi. Kwanza kiganja, kisha vidole viwili, kisha kidole kimoja kinachogusa shati tu. Pima aliona anaupoteza mkono wake bure. Mtoto si anajua mwenyewe? Si amempima, na kila alipompima jibu lilikuwa lilelile?

Siku hizohizo Bosi alikuwa na kazi mpya. Aliinuka kwa mikono na magoti, akayumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama gari lililokwama kwenye matope, kisha akaanguka kwa tumbo na kulaumu watu wote waliokuwapo. Pima alimcheka. Hakufikiria kwamba gari lililokwama, siku moja hunasuka.

Ilikuwa alasiri yenye joto. Mama alikuwa kizingitini, amewapa kisogo, anampima bibi harusi mabega huku shangazi wa bibi harusi akibishana naye kuhusu mikono ya gauni. Ndani, Pima alikuwa na Bosi mezani. Alikuwa amekwisha kuokota pini, lakini gunia la mabaki ya vitambaa alikuwa bado hajalitoa nje. Lilikuwa limelala palepale chini ya ukingo wa meza. Redio alipita pembeni ya watu wale, akaingia na kioo kidogo cha mkononi cha baba yake, kile wanachoonyeshewa wateja visogo vyao.

"Nimekuja kuona mtihani," Redio alisema. "Leo usimshike hata kidogo. Ukimshika, mimi nasema unamvuta wewe."

"Namvuta mimi? Haya, tazama." Pima alimweka Bosi amekaa, akarudi hatua moja, akaweka mikono yote miwili nyuma yake. "Umeona? Mikono nyuma. Kama gwaride."

Bosi alichungulia chini akiwa amekaa. Akajivuta nyuma kama kawaida. Pima akainua kidevu.

Hapo Redio akageuza kioo, na mwanga wa dirisha ukaruka ukutani mbele yake. Bosi aliuona. Akaanguka mbele juu ya mikono yake, akainua magoti, akayumba, na safari hii hakuanguka kwa tumbo. Mkono mmoja ukaenda mbele. Goti likafuata. Mkono wa pili, goti la pili.

"Anatambaa!" Redio alipiga kelele. "Pima, anatambaa!"

Pima alijaa furaha. Alikuwa bado anacheka Bosi alipofika ukingoni. Alitarajia achungulie, ashtuke, arudi. Bosi alichungulia kweli. Aliiona sakafu, maana macho yake yalikwenda mpaka chini. Kisha akaweka mkono mahali ambapo hapakuwa na meza.

Pima alirusha mikono yote miwili. Alikamata pindo la shati, likamponyoka. Bosi alianguka juu ya gunia, akabingirika, na kichwa chake kikagonga mguu wa meza.

Kilio kilikuja mara moja. Pima alikuwa amekwisha kumwinua, amemkumbatia. "Pole, pole, pole, Bosi wangu, pole." Nje, shangazi wa bibi harusi alikuwa amepandisha sauti, na kilio cha mtoto katika duka la kushonea si habari mpya kwa mtu. Bosi alilia, akapunguza, akashikwa na kwikwi, akaweka kichwa begani kwa dada yake. Halafu macho yake yakafumba.

Redio alikuwa amekiweka kioo nyuma ya mgongo wake. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo. "Hajaumia. Si umeona ameanguka kwenye gunia? Nyamaza tu. Tukisema tumekwisha."

"Amelala."

"Si ndiyo vizuri?"

Pima hakujua kama ni vizuri. Huu ulikuwa wakati wake wa kulala, kweli. Lakini alipopitisha vidole nyuma ya sikio la Bosi, alikuta kivimbe kidogo, cha moto.

Mama aliingia akijifuta jasho. Aliwaona watoto wake, mmoja amelala begani kwa mwenzake, na uso wake wote ukalainika. "Umembembeleza mwenyewe mpaka akalala? Mungu akubariki, mwanangu. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Kama mama angegomba, pengine Pima angeweza kunyamaza. Baraka ile ilimshinda. Ilikuwa kama kuvishwa nguo nzuri ya mtu mwingine.

"Mama," alisema, "usinibariki. Ameanguka. Kutoka mezani. Sikuwa nimemshika. Amegonga kichwa, hapa, nyuma ya sikio."

Redio alitazama mlango, lakini hakutoka. "Nilimwambia mimi asimshike," alisema. "Na kioo ni changu. Cha baba, yaani."

Mama hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akapapasa kichwa, akamwita kwa lile jina refu la kwenye cheti. Bosi alifungua macho, akakasirika kwa kuamshwa. Mama akavuta pumzi. "Alilia pale pale?"

"Pale pale."

"Alitapika?"

"Hapana."

"Lete khanga yangu. Redio, mwambie baba yako anichungie duka." Bibi harusi na shangazi yake waliachwa wamesimama na utepe, na ugomvi wao wa mikono ya gauni ukakosa hakimu.

Njiani kwenda kliniki mama alitembea haraka. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Pima alijua anasema na Mungu. Yeye naye akaomba, kwa maneno machache aliyoweza kuyapata. Usimwondolee Bosi kitu chochote. Kama kuna cha kuondoa, ondoa kwangu.

Nesi wa kliniki alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alikuwa amempima Bosi tangu alipozaliwa. Mama alimwambia upesi kwamba mtoto ameanguka.

"Shikamoo, nesi," Pima alisema kwa sauti iliyokatika.

"Marahaba. Nani alikuwapo alipoanguka? Ni wewe? Basi nieleze wewe, mama apumzike kidogo."

Pima alieleza yote. Alionyesha kimo cha meza kifuani mwake. Alisema kuhusu gunia, kuhusu mguu wa meza, kuhusu mikono nyuma kama gwaride. Hapo machozi yalimtoka, lakini aliendelea. Nesi alimsikiliza huku vidole vyake vikitembea juu ya kichwa cha Bosi, shingoni, mikononi, miguuni. Alimmulika machoni kwa tochi ndogo. Bosi aliifuata tochi kwa macho yote mawili, akanyoosha mkono, akaikamata.

"Haya, nirudishie, bosi," nesi alisema, na mama akacheka huku analia. "Ni uvimbe wa nje. Mtoto ni mzima. Lakini usiku huu mtamwangalia. Akitapika, akilia bila kunyamaza, akilala usingizi ambao hamwezi kumwamsha, au mkimwona hayuko kama alivyo siku zote, mnarudi wakati huohuo. Hamngoji asubuhi. Sawa?"

"Sawa, nesi."

"Na wewe, binti, umenisaidia. Wengine huja hapa wakaniambia mtoto ameamka tu na uvimbe. Nami nabaki napapasa bila kujua nitafute wapi."

Pima alijifuta pua. Kulikuwa na swali lililomkaba. "Nesi, macho yake ni mabovu? Mbona alikuwa anaona ukingo akirudi nyuma, na leo ameona akaenda tu?"

Nesi alivaa miwani yake, akachukua kalamu mfukoni, akatoa kifuniko. "Funga jicho moja. Nyoosha mikono mbele. Sasa rudisha kifuniko kwenye kalamu, upesi."

Pima alijaribu. Kifuniko kilipita kando ya kalamu. Akajaribu tena, kikapita mbele.

"Fungua yote mawili."

Kikaingia mara moja.

"Umeona? Jicho la kulia linaona picha yake, jicho la kushoto linaona yake, zinatofautiana kidogo tu. Ubongo unazilinganisha, unapata kujua kitu kiko mbali kiasi gani. Mtoto mchanga hana hilo. Macho yake lazima yajifunze kwanza kutazama mahali pamoja. Bosi amekwisha kujifunza. Macho yake ni mazuri, tochi yangu ni shahidi."

"Sasa kwa nini…"

"Kwa sababu kuona ni kitu kimoja, na kujua mwili wako utaweza nini ni kitu kingine. Akiwa amekaa, amejifunza: nikiinama mpaka hapa, naanguka. Hilo analijua. Lakini leo ameanza kutambaa. Amekuwa na miguu minne! Magoti yake hayajui yalichojifunza makalio yake. Anaona shimo, ndiyo, lakini hajui bado kwamba shimo ni lake. Atajifunza kwa kutambaa, wiki baada ya wiki. Na siku atakapoanza kutembea, ataanza tena kama vile hakuwahi kujua."

"Yaani kila mara anarudia darasa la kwanza?"

"Kila mara. Ndiyo maana Mungu amempa watu."

Jioni ile duka lilifungwa mapema. Bosi alikula vizuri, akampiga Pima puani kwa kijiko, akawa Bosi yuleyule. Usiku mama alimwamsha mara kwa mara, naye kila mara alifungua macho na kukasirika, na hasira ile ilikuwa tamu kuliko wimbo.

Asubuhi mama alimkuta Pima amekaa mbali na mtoto, mikono chini ya mapaja.

"Mchukue nichanganye uji."

"Sitamshika tena, mama."

"Nani amekuambia?"

"Nimejiambia mwenyewe."

Mama aliweka mwiko chini. Akakaa kando yake, akamweka Bosi katikati. "Sikiliza, mwanangu. Umekosa, na kosa lako unalijua kuliko ninavyolijua mimi. Hukukosa kwa kutompenda. Ulimpima vizuri, ukaridhika, ukaviweka vipimo vyako kabatini. Lakini ulimpima mtoto wa wiki iliyopita. Yule wa jana alikuwa mwingine. Mimi nawakera wateja kila siku kwa ajili hiyo hiyo, nawe ulikuwa umekaa hapohapo unacheka."

Pima aliinamisha kichwa. Sasa alilikumbuka lile neno jingine.

"Na jambo la pili. Ulipewa baraka usiyostahili ukairudisha. Ulikuwa na hofu, ukasema kweli palepale, mtoto akatibiwa kwa kweli yako. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka amshike mwanangu. Sasa nyoosha mikono."

Pima alinyoosha. Bosi aliingia ndani ya mikono ile bila kinyongo chochote, akamkamata sikio.

Tangu siku hiyo meza ilibaki ya kukatia tu. Baba aliporudi alisikia habari yote, akatengeneza uzio mfupi wa mbao kwenye kona iliyo mbali na pasi. Kila siku Pima alipitisha sumaku mle ndani mara mbili, wakatandika godoro la zamani, na kando yake wakaweka mto mgumu wa kuwa kilima. Bosi akaanza masomo. Alitambaa juu ya mto, akaanguka kwa kichwa kwenye godoro, akacheka. Akapanda tena, akaanguka tena. Siku zikapita, akaanza kusimama ukingoni mwa mto na kupapasa chini kwa mkono kabla ya kwenda. Kisha akagundua kugeuka na kushuka kwa miguu, kama mzee anayeshuka kwenye gari.

"Amefaulu?" Redio aliuliza. Naye alikuwa ameadhibiwa kwa kufuta vioo vyote vya baba yake, na kile kidogo hakikuonekana tena nje ya duka la kinyozi.

"Amefaulu mto," Pima alisema. "Ngazi bado. Hatujampima."

Alasiri moja walimtoa nje ya uzio. Bosi alitambaa mbio mpaka kizingitini, penye ile ngazi ya kushukia barabarani. Pima alikuwa nyuma yake, kiganja mgongoni. Bosi alifika ukingoni, akasimama. Akachungulia chini. Akapapasa hewa kwa mkono mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aligeuza shingo, akamtazama Pima usoni, akangoja.

Pima alielewa kwamba anaulizwa. Alikunja uso, akatikisa kichwa polepole. Bosi aliutazama uso ule, akaitazama ngazi, akautazama tena uso. Akarudi nyuma.

"Mama! Umeona? Ameniuliza!"

Mama alikuwa amesimamisha cherehani. "Nimeona," alisema taratibu. "Macho yake yamempeleka mpaka ukingoni, mengine anayatafuta usoni kwako. Ndiyo kazi ya mkubwa hiyo, mwanangu. Mtoto hujifunza mwenyewe, lakini hujifunza salama akiwa na mtu anayemtazama kama alivyo leo, na asiyemficha kitu."

Bosi hakuwa na nafasi ya kusikiliza hotuba. Alikuwa ameushika mguu wa meza ya kukatia, anavuta, anaguna, uso umemwiva. Goti moja likainuka. Makalio yakainuka. Na ghafla, kwa mshangao wa kila mtu na zaidi wake mwenyewe, Bosi alikuwa amesimama kwa miguu miwili, anayumba kama mti mchanga.

"Darasa la kwanza," alisema Pima, na kiganja chake kilikuwa tayari kimefika mgongoni.